Wafula Kumi na Mmoja, Sahani Moja

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa mtu wa Bungoma, kwa sababu wale wakisimulia wanaongeza hata yale ambayo hayakutokea, na bana yaliyotokea yanatosha. Ni kweli watu zaidi ya mia moja walikaa njaa hadi saa tisa kwa sababu yangu. Ni kweli nilikuwa nimevaa koti la suti. Na ni kweli kwamba yote hayo yalianza na mimi kufuta mistari kumi, mistari kumi tu, kazi ambayo haikunichukua hata dakika.

Mimi naitwa Kariuki, lakini kwa watu wa kompyuta najulikana kama Karis. Nakaa Matisi hapa Kitale, chumba cha juu ya duka la vyakula vya mifugo, na huko ndiko natengeneza tovuti za shule na kufufua laptopu za walimu zilizomwagiwa chai. Tuko na grupu la simu, sisi waandishi wa programu, madevelopa wa Kitale, Bungoma, Webuye na pande hizo, na kazi ya grupu ni moja: mtu akitengeneza skripti ndogo ama akigundua njia fupi ya kufanya jambo, anaandika maelezo kidogo na kuwawekea wengine. (Skripti, kwa wale ambao hawajawahi kuingia hii shida, ni maagizo machache unayoiandikia kompyuta ili ifanye kwa sekunde kumi kazi ambayo wewe ungeifanya tangu asubuhi hadi mgongo ukatae.) Hakuna mtu analipwa. Malipo ni kusifiwa, na mimi, sitawaficha, napenda kusifiwa kuliko nyama.

Kabla ya grupu hili kulikuwa na lingine, lile lililovunjika wakati watu walilijaza siasa hadi wenye kazi wakatoka mmoja mmoja. Kwa hilo la zamani, siku moja mtu aliyejiita Kifaranga aliweka skripti ya kusafisha majina. Mnajua mambo ya huku kwetu. Mtu mmoja anaandikwa Barasa kwa orodha ya Jumatatu na Balasa kwa orodha ya Jumanne, na ukimuuliza mwenyewe lipi ni sawa anakuangalia tu, kwa sababu kwa sikio lake umesema kitu kimoja mara mbili. (Na simcheki mtu. Babu yangu alikuja Trans-Nzoia kutoka kwa Wakikuyu wa huko kati, na mama yangu hadi leo akiona lori la mahindi anasema rori.) Sasa hiyo skripti ilikuwa inapitia orodha, inatambua kwamba Barasa na Balasa ni mtu mmoja, inabakisha mmoja. Kazi safi. Ilipata vidole gumba viwili kwa grupu, kimoja kikiwa changu, halafu ikasahaulika. Mimi nikaiweka kwa laptopu.

Baada ya muda mrefu, kwa grupu jipya, admini wetu Wanyonyi, mtu mpole wa Bungoma ambaye huandika salamu kila asubuhi hata kama hakuna anayejibu, akauliza kama kuna mwenye skripti ya kusafisha orodha za majina. Nikaona hapo ni pangu. Nikaifungua ile ya Kifaranga, na juu kabisa, kabla kazi yenyewe haijaanza, kulikuwa na mistari kama kumi ya maneno. Unajua vile watu huandika pale juu, nani ameandika, lini, tumia hivi, usitumie vile, asante kwa fulani. Sikuisoma. Nilijiambia nafanya tu usafi, kwamba watu hawapendi maneno mengi, kwamba Kifaranga mwenyewe hata hayuko kwa hili grupu (sikuwa nimeangalia kama yuko ama hayuko). Nikafuta yote kumi.

Kisha nikaijaribu, ikakataa. Kompyuta ikasema haimjui "sabina". Nikaangalia kule chini, kweli, kila mahali kumeandikwa sabina hivi, sabina vile, kwa hivyo kumbe kwa ile mistari niliyofuta kulikuwa na mahali sabina anaelezwa. Mtu mwenye akili angerudisha mistari. Mimi nikaandika juu "sabina = ndiyo" nione itasema nini, ikaanza kuniuliza maswali: huyu na huyu ni mtu mmoja? Na huyu na yule? Nikachoka na swali la tatu. Nikabadilisha, "sabina = hapana", na hapo ikanyamaza na kukimbia kama imepakwa mafuta. Nikaijaribu na majina manane ya kubuni, ikatoa jibu sawa kabisa. Nikaituma kwa grupu.

Wanyonyi akaandika, "Hii ni kali. Karis, ni wewe umeiandika?"

Sasa hapo ndipo. Jibu la ukweli lilikuwa la maneno mawili. Mimi nikajibu, "Kazi ndogo tu." Mnaona hiyo? Sikusema ni mimi. Sikusema si mimi. Nilijisifu kwa njia ambayo hata mbele ya hakimu ningeweza kujitetea, na kwa siku mbili nzima simu yangu ikawa inalia tu, watu wananiita mkubwa, mwalimu, mtu mmoja wa Webuye akaandika kwamba Kitale kuna vichwa. Kwa wote hao nikajibu vilevile, kazi ndogo tu, hadi nikaanza kuamini.

Wiki iliyofuata Wanyonyi akanipigia. Madevelopa wa Bungoma wanakutana Jumamosi kwa ukumbi mmoja wa kukodi upande wa Mabanga, na wamependekeza nije niwafundishe kwa nusu saa jinsi nilivyoifikiria ile skripti. Neno lake lilikuwa hilo, ulivyoifikiria. Ningeweza kukataa hata hapo. Nilimwambia acha niangalie ratiba yangu, nikatulia sekunde mbili hivi (ratiba gani, nilikuwa nimekaa nangoja chapati), nikamwambia niko huru. Jioni hiyo nikamwambia mama nimealikwa Bungoma kama mgeni wa heshima, na yeye akatoa koti la suti nililovaa kwa harusi ya kaka yangu, akalipiga pasi.

Jumamosi ilikuwa na jua. Tulikuwa kama watu arobaini kwa viti vya plastiki, na kwa uwanja wa nje, chini ya hema, kulikuwa na kikundi cha wafugaji wa kuku, watu wazima wengi, nao wakiwa na mafunzo yao. Wanyonyi alinieleza kwamba makundi mawili yamepangiwa chakula pamoja na mpishi ni mmoja, mama anayeitwa Rose. Nilimwona akipita na sufuria ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kuoga ndani, akatusalimia bila kusimama.

Nikaanza kufundisha. Nilikuwa nimejiandaa, msidhani. Nilieleza shida ya r na l, watu wakacheka, nikaeleza jinsi "nilivyokaa na hilo wazo" kwa muda, nikaangalia dirisha kidogo kama mtu anayekumbuka. Kisha nikaonyesha skripti yenyewe kwa ukuta, na mwanamke mmoja wa mstari wa pili, mwenye sweta ya kijani na daftari kwa magoti, akainua mkono.

"Samahani mwalimu," akasema. "Hapo juu, sabina ni nini?"

Ningesema sijui. Watu wawili watatu wangeguna na tungeendelea. Lakini nilikuwa na koti.

"Swali zuri sana," nikasema. "Sabina ni mbinu ya kulinganisha maneno. Ilianzishwa na mtaalamu mmoja wa Italia, ndio maana ina jina lake."

Watu wakaandika. Mnanisikia? Watu wazima, wenye kazi zao, wakaandika Italia.

Yule dada akauliza tena, kwa upole uleule, "Na kwa nini umeiweka hapana?"

"Ili iende haraka. Ukiiweka ndiyo, Sabina ako pole pole. Si nzuri kwa mtu mwenye kazi nyingi."

"Kwa hivyo wewe ndio uliamua iwe hapana."

"Ndio, ni mimi niliamua," nikasema, na huo, mkitaka kujua, ndio ukweli pekee niliosema asubuhi hiyo. Yeye akaandika kitu kwa daftari.

Hapo Wanyonyi, kwa moyo safi kabisa, akasimama. Akasema kwamba badala ya majina ya kubuni, tuko na orodha halisi ya chakula cha leo, makundi yote mawili, majina mia moja na kumi na mawili, iliandikwa haraka na mtu anayesikia r kama l, na wengi wameandikwa jina moja tu, kijiji na nambari ya simu. Mama Rose anangoja orodha safi ndio ajue anapikia wangapi. Si tuisafishe hapa tukiona? Makofi.

Yule dada wa sweta ya kijani akasema, "Wekeni nakala kando kwanza."

"Haina haja," nikamwambia. "Hii nimeijaribu."

Nikabonyeza. Ikachukua kama sekunde nne. Kwa ukuta kukatokea maneno: majina 112 yamekuwa 37.

Na sijui niwaambie aje vile ukumbi ulifurahi. Watu walisimama. Wanyonyi akashika kichwa, akasema, "Kumbe tumekuwa tukipikia watu hewa," na mimi nikainua mkono kama mtu anayewaomba wapunguze sifa. Hakuna aliyejiuliza, na mimi wa kwanza, inawezekanaje watu wawili kwa kila watatu wawe hawako, na hali ukitoa kichwa kwa dirisha unawaona wamejaa chini ya hema. Dada wa daftari alikuwa ameinua mkono tena. Nikamwambia maswali yatakuwa mwisho. Orodha ikachapishwa, majina peke yake, ikapelekwa jikoni, na mimi nikaendelea kufundisha mambo mengine ambayo nashukuru hakuna anayeyakumbuka.

Saa saba tukaenda kula. Mama Rose alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu na karatasi mkononi, miwani kwa ncha ya pua. Kwao kulikuwa na sheria, na ilikuwa na sababu, kwa sababu mkutano uliopita wapita njia walikula wakashiba na wanachama wakarudi nyumbani na soda tu: asiyekuwa kwa orodha hapewi sahani. Akaita jina la kwanza.

"Wafula."

Wakasimama watu kumi na mmoja.

Akawaangalia juu ya miwani. "Wafula gani?"

"Mimi," wakasema wengi wao.

"Hapa kuna Wafula mmoja." Akageuza karatasi, akaangalia nyuma, hakuna kitu. Akasema tungojee, akaita Nekesa. Wakasimama wanawake saba. Akaita Wanjala. Wakasimama tisa, mmoja wao akiwa mzee sana ambaye ilibidi ashikwe mkono kusimama, na akishasimama akaambiwa akae. Kwa wale ambao si wa huku, Wabukusu humpa mtoto jina kufuata majira aliyozaliwa, mvua, mavuno, njaa, kwa hivyo jina moja hubebwa na nusu ya kijiji na hakuna mtu huchanganyikiwa, ni skripti yangu tu ndiyo ilichanganyikiwa. Iliona Wafula kumi na mmoja, ikawafanya mmoja bila kuangalia kijiji wala simu, na ikaona imefanya kazi nzuri.

Halafu Mama Rose akaita, "Kaliuki."

Kulikuwa na Kariuki mmoja mkutano mzima. Nikapokea sahani yangu, ugali, mboga, mapaja mawili ya kuku, nikakaa nayo. Sikuwa najua nifanye nini nayo. Wafula wote kumi na mmoja walikuwa wananiangalia, si kwa ubaya, wananiangalia tu kama watu wanaojifunza kitu.

Wanyonyi akamwendea Mama Rose, akamwambia kuna makosa kidogo kwa orodha, awape watu tu, chakula si kipo. Mama Rose akamjibu pole pole, na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alijibu pole pole.

"Kipo cha watu thelathini na saba. Asubuhi nilikuwa nimeweka maji ya watu mia. Mkaniletea karatasi, mkasema ni hawa tu. Nikapunguza maji. Kuku wengine nikawarudisha kwa friji ya jirani. Sasa mnataka nifanye nini?"

Hema lote likaanza kunong'ona. Wanyonyi akanigeukia. "Karis, si urudishe tu ile orodha ya kwanza, tuanze kupika upya."

"Ile ya kwanza," nikasema.

"Ndio. Nakala."

"Hakuna nakala."

"Ilienda wapi?"

"Skripti imeandika juu yake." Na bila aibu, naomba mnisamehe, nikaongeza, "Hiyo ni tabia yake. Haiweki nakala."

"Inaweka," ikasema sauti nyuma yangu. Ilikuwa dada wa sweta ya kijani. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mistari ya juu ndiyo ilikuwa inaweka nakala. Hiyo ulifuta."

Wanyonyi akamuuliza amejuaje.

"Kwa sababu ni mimi niliiandika. Mimi ni Nekesa, wa Webuye. Kwa grupu la zamani nilikuwa naitwa Kifaranga." Akanigeukia, na sikuona hasira kwa uso wake, afadhali ningeiona. "Na Sabina si mtaalamu wa Italia. Sabina ni mama mkwe wangu. Ako pale, mwenye kitambaa cha maua. Nimekuja naye, yeye ni wa kuku."

Watu arobaini wa kompyuta na wote wa hema wakageuka kumwangalia mama mmoja mnene, aliyekaa na mkoba kwa mapaja, ambaye alikuwa amesikia jina lake na sasa anainuka.

"Nani ananiita?" akasema.

Nekesa akamweleza kwa Kibukusu, na sikuelewa kitu isipokuwa neno Italia, ambalo lilitokea mara mbili. Mama Sabina akanitazama kutoka viatu hadi koti. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya meza ya chakula, akapiga kiti cha pili kwa kiganja.

"Kijana, kuja na hiyo mashine yako."

Nikaenda nayo. Tukaandika orodha upya, yeye akisema na mimi nikichapa, hadharani, watu wote wakisimama nyuma yetu. Hakuwa na karatasi. Aliinua tu macho, akapitia viti kimoja kimoja.

"Andika Wafula wa darajani. Andika Wafula baba ya mapacha. Huyo mwingine ni Wafula mwenye alianguka na pikipiki. Wafula, mguu umepona?"

"Umepona, mama," akajibu mmoja.

"Andika Balasa."

"Balasa ama Barasa, mama?"

"Si ndiyo hiyo nimesema."

Nikaandika yote mawili. Akaona. Akauliza, "Hao ni watu wawili?" Nikasema sijui. "Si uniulize basi," akasema. "Ni mmoja. Futa." Nikafuta.

Katikati ya Wanjala wa nne na wa tano akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni wewe ulisema mimi ni Mwitaliano?"

"Ndio, mama."

"Na ati niko pole pole?"

"Ndio, mama."

"Andika Wanjala mwenye kanzu ya kanisa."

Ilimchukua chini ya nusu saa, na kwa wafugaji hakumsahau hata mmoja. Wale wa kompyuta ambao hakuwajua aliwauliza: wewe ni wa nani, wa wapi, anasikiliza, anasema andika. Hapo ndipo nilielewa kile nilichokuwa nimezima. Nekesa alikuwa amejenga skripti ifanye vile mama mkwe wake hufanya, iulize kabla ya kuamua kwamba watu wawili ni mmoja, na mimi nikaona kuuliza ni kupoteza wakati.

Wakati huo kuku walikuwa wametolewa kwa friji ya jirani na moto kuwashwa tena. Mama Rose hakutaka msamaha wangu, alitaka mikono. Nikapewa mwiko wenye urefu wa koleo na ile sufuria kubwa, nikakoroga ugali na koti langu (kulivua niliona kama kujitetea, sijui kwa nini nilifikiria hivyo, jasho lilinitoka hadi suruali), na kila niliposimama kupumua Mama Rose alikuwa anasema, "Inashika chini." Wafula wa pikipiki alikuja akanishikia sufuria. Sahani yangu ya kwanza nilikuwa nimempa yule mzee Wanjala, na alikuwa ameshamaliza, amekaa kivulini anatuangalia tukihangaika.

Saa tisa watu wakala. Mimi nilikuwa nimekaa kwa ngazi za ukumbi, sikuwa na hamu, Nekesa akaja na laptopu yake. Nikaanza kuomba msamaha, nilikuwa nimepanga maneno mazuri, akanikatiza.

"Nilidhani umesahau tu kuweka jina," akasema. "Ndio maana nilikuwa nauliza. Niliuliza mara tatu, nikingoja useme uliipata mahali. Sikuwa na shida wewe kuifundisha."

"Kwa nini hukusema tu ni yako?"

"Mbele ya watu wote hao?" Akatikisa kichwa. "Soma hii."

Ilikuwa ile mistari kumi. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Ilisema imeandikwa na Nekesa wa Webuye. Ilisema skripti inaweka nakala kwanza, tafadhali usiondoe. Ilisema sabina iachwe ndiyo, na kwamba imepewa jina la mama mkwe wake, anayeuliza kwanza. Na mstari wa mwisho ulisema: "Asante kwa Karis wa Kitale, aliyenieleza mambo ya orodha kwa mfano wa trei ya mayai, siku ambayo wengine walinicheka."

Nikausoma tena. Kwanza sikukumbuka kabisa, halafu ikanijia kidogo kidogo. Mtu aliuliza swali la mwanzo mwanzo kwa grupu, watu wakamtumia vikatuni vya kucheka, na mimi nikiwa na nafasi siku hiyo nikachora trei ya mayai kwa karatasi, kila shimo na nambari yake, nikapiga picha, nikamtumia. Sikujua ni nani. Ilinichukua dakika tano. Na yeye alikuwa ameweka jina langu juu ya kazi yake, na mimi nililifuta jina langu mwenyewe pamoja na lake, ili niweke jina langu.

Nekesa akafunga laptopu, akaniambia niende nikale kabla Mama Rose hajaosha sufuria.

Jumatatu niliandika kwa grupu yote niliyofanya, bila kupunguza, hata Italia. Nilidhani nitafukuzwa. Wanyonyi aliandika salamu za asubuhi kama kawaida, chini yake akaweka skripti ya Nekesa na mistari yake yote kumi, basi. Wengine hawakuwa wapole hivyo, na nikienda Bungoma siku hizi wapo wanaonisalimia, "Niaje, Mwitaliano," nami naitika, kwa sababu nikikataa watanisimulia upya.

Lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu. Kitu cha mtu nikikipata nakisoma kuanzia juu, na nikiulizwa nimekitoa wapi nasema, "Hii si yangu, ni ya fulani." Nimejipima kwa saa, inachukua sekunde mbili kuyasema. Ugali wa watu zaidi ya mia moja unachukua saa moja na nusu, na ukiacha kukoroga kidogo tu, unashika chini.